Laptopu ya zamani haishiki waifai: kuitambua kadi na kuipata draiva yake

Laptopu ya mtumba imepigwa Windows mpya, inawaka upesi, lakini kwenye kona ya chini kulia alama ya waifai haipo. Mwenye nayo anashika simu, anatafuta "draiva ya waifai HP 15", yaani programu ya kuiwezesha Windows kuitumia kadi ya waifai, anapakua faili la kwanza, la pili, la tano. Bando linakata, waifai bado.

Tatizo limeanzia kwenye kile alichokitafuta. Jina lililobandikwa kwenye mfuniko halisemi ndani kuna kadi gani. HP, Dell, Lenovo na wenzao huuza toleo moja la laptopu likiwa na kadi za waifai za watengenezaji tofauti, kwa hiyo HP 15 mbili zilizopangwa rafu moja Kariakoo zinaweza kuwa na kadi zisizohusiana kabisa: hii ya Realtek, ile ya Broadcom. Kutafuta draiva kwa jina la laptopu ni sawa na kuagiza spea ya gari kwa kutaja rangi yake.

Kadi ina namba yake, na namba hiyo inasomeka hata kama hakuna draiva yoyote iliyosakinishwa. Tuanze nayo, kisha tuzipitie dalili moja moja, maana baadhi yake hazina uhusiano wowote na draiva na watu huzipigia Windows upya bure.

## Kusoma namba ya kadi

Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, piga Enter. Hapo hufunguka Device Manager, na njia hii ni moja kuanzia Windows 7 hadi 11. Kama draiva haipo, kadi ya waifai hukaa chini ya "Other devices" kwa jina la "Network Controller", ikiwa na alama ya njano. Ukiona "Ethernet Controller", hiyo ni ya waya. "Base System Device" na "PCI Simple Communications Controller" ziache kwa sasa, hazihusu waifai.

Bofya kulia kwenye "Network Controller", ingia "Properties", kisha "Details", na kwenye orodha ya "Property" chagua "Hardware Ids". Mstari wa juu unafanana na huu:

PCI\VEN_1814&DEV_3290&SUBSYS_18EC103C&REV_00

VEN ni aliyetengeneza chipu, DEV ni chipu yenyewe. SUBSYS inaeleza nani aliifunga kwenye laptopu, na jibu liko kwenye tarakimu nne za mwisho: 103C ni HP, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo, 1025 ni Acer, 1179 ni Toshiba. Mfano huu basi ni chipu ya Ralink RT3290 iliyofungwa na HP, kadi moja yenye waifai na Bluetooth kwa pamoja.

Namba za VEN utakazokutana nazo kwenye laptopu za zamani ni chache: 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros, 10EC ni Realtek, 1814 ni Ralink, 14C3 ni MediaTek. Mwaka 2011 Qualcomm iliinunua Atheros, na mwaka huohuo MediaTek ikaichukua Ralink. Ndiyo maana kadi moja inaweza kuwa na draiva chini ya majina mawili, na yote mawili yakawa sahihi. Kifaa cha kuchomeka USB huandikwa kwa mtindo mwingine, mfano USB\VID_0BDA&PID_8179, lakini maana ni ileile.

Piga picha mstari huo. Halafu bonyeza tena Windows na R, andika msinfo32, usome "System Type". Ikiandikwa x64 unahitaji draiva ya biti 64, ikiandikwa x86 ni ya biti 32. Hapa hakuna kubahatisha: draiva ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64.

## Intaneti ya kupakulia bila waifai

Waya wa simu unatosha. Chomeka simu ya Android kwa waya unaopitisha data (nyaya nyingi za bei ya chini huchaji tu), kisha kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu washa "USB tethering". Windows 10 na 11 huiona simu kama kadi ya mtandao wa waya baada ya muda mfupi, na Ubuntu vilevile. iPhone nayo inaweza, ila Windows itahitaji kwanza programu ya Apple. Simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya nyumbani, simu nyingi za Android huipitisha waifai hiyohiyo kwenye waya, kwa hiyo bando haliguswi.

Kama ni bando unalotumia, fungua "Network & Internet" kwenye Settings, ingia kwenye muunganisho huo na uwashe "Set as metered connection". Usipofanya hivyo, masasisho ya Windows huanza kushuka yenyewe na kulimaliza bando kabla hujaifikia draiva.

## Dalili: "Network Controller" yenye alama ya njano, na "Code 28"

Hii ndiyo ya kila siku baada ya kupiga Windows, na ndiyo nyepesi kuliko zote. Kadi ni nzima na imeonekana. Imekosa draiva tu.

Mahali ninapoanzia ni Microsoft Update Catalog, yaani catalog.update.microsoft.com, ghala la Microsoft lenye draiva zilezile ambazo Windows Update huzitumia. Kwenye sehemu ya kutafutia andika VEN na DEV bila SUBSYS, mfano PCI\VEN_168C&DEV_0032, ambayo ni Atheros AR9485. Katika orodha itakayokuja chagua ya toleo lako la Windows yenye tarehe ya karibuni. Kinachoshuka ni faili la .cab, na hapo ndipo wengi hukwama kwa sababu ukilibofya halisakinishi kitu. Tengeneza folda C:\waifai, liweke humo kwa jina draiva.cab, fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", uandike:

expand -F:* C:\waifai\draiva.cab C:\waifai

pnputil /add-driver C:\waifai\*.inf /install

Amri ya kwanza inalifungua faili, ya pili inaisakinisha draiva. Kwenye Windows 7 badilisha ya pili iwe pnputil -i -a C:\waifai\*.inf. Asiyependa amri anaweza kurudi Device Manager, kubofya kulia kwenye kadi, kuchagua "Update driver", kisha "Browse my computer", na kuielekeza kwenye folda ileile.

Njia ya pili ni tovuti ya kampuni ya laptopu. Intel hutoa draiva zake moja kwa moja kwa umma. Broadcom, Atheros na Realtek kazi hiyo waliwaachia HP, Dell na wenzao. Ukiingiza namba ya mfululizo iliyoandikwa chini ya laptopu, mara nyingi utaletewa draiva tatu au nne za waifai kwa laptopu moja, na sasa unajua uchague ipi kwa sababu picha ya namba unayo kwenye simu.

Ukibaki na shaka, kuna kipimo kinachomaliza ubishi. Ndani ya kila draiva kuna faili linaloishia na .inf. Lifungue kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, tafuta DEV_0032, au namba yoyote ya kadi yako. Ikiwemo, draiva inaitambua chipu yako. Isipokuwemo, lifute uendelee mbele, hata kama ukurasa ulioipakulia ulikuhakikishia kwa herufi nyekundu kwamba ndiyo yenyewe.

Kipimo hicho kinakufungulia mlango mwingine pia. Programu ya kusakinisha ya kampuni inaweza kukataa kwa madai kwamba laptopu yako haimo kwenye orodha yake, huku mafaili tayari yameshafunguliwa: za HP kwenye C:\SWSetup, za Lenovo kwenye C:\DRIVERS. Zisipojifungua, 7-Zip hufungua nyingi. Chukua folda hiyo, ipitishe kwa "Browse my computer", na draiva ya Dell itafanya kazi kwenye HP endapo VEN na DEV zinalingana. Vivyo hivyo draiva ya Windows 8.1, na mara nyingi hata ya Windows 7, hukubaliwa na Windows 10, na ya 10 hukubaliwa na 11. Ya XP usiipotezee muda.

Kuhusu zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa kubofya mara moja: nyingi huja na wageni ambao hukuwaalika, matangazo na programu za ajabuajabu. Fundi anayepiga Windows kila siku atafaidika na Snappy Driver Installer Origin, ambayo ni ya bure na chanzo chake kiko wazi. Toleo lake kamili ni makumi ya gigabaiti, lakini unaweza kupakua vifurushi vya kadi za mtandao pekee na kuviweka kwenye flashi.

## Dalili: draiva imeingia, lakini kadi inaonyesha "Code 10"

"Code 10" maana yake Windows imeipa kadi draiva na kadi imeshindwa kuanza. Sababu ya kwanza ni draiva ya chipu ya jirani: mtu amelazimisha kwa "Let me pick", akachagua jina linalofanana. Sababu ya pili ni sasisho la Windows lililoiondoa draiva nzuri na kuweka nyingine. Ya tatu ni kadi iliyoganda kwenye hali mbaya ya umeme, na kuwasha upya kwa kawaida hakuisaidii.

Anza na hiyo ya tatu, haina gharama. Zima laptopu, chomoa chaji, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha betri, washa. Kumbuka kwamba "Shut down" ya Windows 10 huwa haizimi kila kitu ikiwa Fast Startup imewashwa. Kuzima kwa kweli ni kwa amri shutdown /s /t 0.

Ikishindikana, ingia "Properties" za kadi, kichupo cha "Driver", ujaribu "Roll Back Driver". Kikiwa hakibonyezeki, chagua "Uninstall device", weka tiki kwenye kisanduku cha kufuta draiva yenyewe, kisha usakinishe ile uliyoipima kwa .inf. Bila tiki hiyo Windows itaichukua draiva mbovu ileile kutoka kwenye hifadhi yake na utadhani hukufanya kitu.

"Code 22" ni jambo dogo: kadi imezimwa humohumo Device Manager. Bofya kulia, "Enable device".

## Dalili: "Code 52"

Windows haijaridhika na saini ya kidijitali ya draiva. Kwenye Windows 7 sababu kubwa ni umri wa Windows yenyewe: draiva za miaka ya karibuni husainiwa kwa SHA-2, mtindo mpya wa saini, na Windows 7 isiyo na masasisho haiisomi saini hiyo. Weka Service Pack 1, kisha sasisho KB4474419, ujaribu tena.

Kwenye Windows 10 maana yake kwa kawaida ni faili lililochezewa au draiva ya kale mno. Utashauriwa kuzima ukaguzi wa saini kupitia "Startup Settings", chaguo la 7. Hiyo hudumu mpaka utakapowasha upya laptopu, basi. Inafaa kwa kujaribu tu kama draiva inaendana na kadi.

## Dalili: kadi haionekani popote, hata kwenye "Other devices"

Hapa usipakue chochote. Draiva haiwezi kukifufua kifaa ambacho kompyuta haikioni.

Ingia BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows (F2, F10 au F1 wakati wa kuwasha, kutegemea kampuni), tafuta sehemu ya vifaa vya ndani, uone kama "Wireless" au "WLAN" imezimwa. Laptopu za mtumba nyingi zilitoka maofisini Ulaya na Marekani, na kuna maofisi yaliyokuwa yakizima waifai makusudi kwenye BIOS. Rudisha mipangilio ya kiwandani, hifadhi, washa.

Bado? Fanya zoezi la kutoa betri lililotajwa juu. Bado? Fungua mfuniko wa chini. Kwenye laptopu za hadi kama mwaka 2013 kadi ni ya Mini PCIe, na za baadaye ni ya M.2, ndogo zaidi. Legeza skrubu, ichomoe, pangusa meno yake ya shaba kwa kitambaa kikavu, irudishe. Nyaya mbili za antena, kwa kawaida nyeusi na nyeupe, zishike kwa kichwa chake ukizitoa, usivute waya.

## Dalili: draiva iko sawa, lakini waifai inasema imezimwa na haikubali kuwashwa

Tafuta swichi. ThinkPad za Lenovo za zama za T420 zina swichi halisi ubavuni, ndogo, rahisi kusukumwa na begi. HP za miaka hiyo zina kitufe chenye taa: rangi ya chungwa ni imezimwa, buluu au nyeupe ni imewaka. Kwenye Dell nyingi ni Fn pamoja na F2 au PrtScr. Baada ya kupiga Windows mpya kitufe cha HP huweza kukataa kufanya kazi kwa kukosa draiva yake, "HP Wireless Button Driver", inayopatikana kwenye tovuti ya HP.

Swichi iliyokufa ina dawa ya kifundi. Kwenye kadi ya Mini PCIe, pini namba 20 ndiyo inayopokea amri ya kuzima redio. Ukiifunika pini hiyo peke yake kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme, kadi hubaki imewaka daima. Inahitaji mkono uliotulia na taa nzuri.

## Dalili: inaona waifai za majirani, ya kwako haioni

Dalili hii huwapeleka watu kwa mafundi bila sababu. Kama laptopu inaorodhesha mitandao mingine, draiva ipo na inafanya kazi. Mgogoro ni kati ya kadi ya zamani na rauta mpya, na mara nyingi unamalizwa upande wa rauta.

Fungua Command Prompt, andika netsh wlan show drivers, uangalie mstari wa "Radio types supported". Ukikuta 802.11b, 802.11g na 802.11n tu, bila 802.11a wala 802.11ac, kadi yako inasikia masafa ya 2.4 GHz peke yake. Rauta iliyowekwa kwenye 5 GHz haitaonekana hata ukiilaza laptopu juu yake. Washa 2.4 GHz kwenye rauta, na kama inatumia jina moja kwa masafa yote, yatenganishe majina. Hotspoti ya simu ina mpangilio huohuo: Android huuita bendi ya hotspoti, na simu za iPhone 12 na za baadaye zina "Maximize Compatibility" kwa ajili ya hili hasa.

Masafa yakiwa sawa, tazama chaneli. Marekani huruhusu chaneli 1 hadi 11 kwenye 2.4 GHz, wakati sehemu kubwa ya dunia inafika 13. Laptopu iliyouzwa kwanza Marekani inaweza kuwa na kadi isiyosikiliza chaneli 12 na 13, na rauta yako ikijichagulia 13 usiku wa leo, kesho asubuhi waifai "imepotea" bila mtu kugusa kitu. Wengine huishi na tatizo hili linalokuja na kuondoka kwa miezi. Ifunge rauta kwenye chaneli 1, 6 au 11.

Kisha usalama. Rauta iliyowekwa WPA3, aina mpya ya ulinzi wa waifai, peke yake itakataa kadi nyingi za zamani. Nyingine zitauona mtandao na kushindwa kuunganisha hata nenosiri likiwa sahihi. Weka WPA2 yenye AES, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Kuna pia kisa cha Intel ambacho kweli ni cha draiva. Kadi kama 7260, 3160 na 7265, zikiwa na draiva za kale, haziuoni mtandao wa rauta ya Wi-Fi 6, yaani 802.11ax, hata kwenye masafa ambayo kadi inayasikia. Intel yenyewe ilikiri na kutoa draiva mpya. Usipoweza kuisasisha, zima ax upande wa 2.4 GHz wa rauta.

## Dalili: inaunganisha, lakini ni taratibu au inakatika

Spidi ikigoma palepale kwenye 54 Mbps wakati kadi ni ya 802.11n, angalia tena usalama wa rauta. Ukiwa WEP au TKIP, aina za zamani za ulinzi, kiwango cha n hakiruhusiwi kufanya kazi, kadi inarudi kwenye g. Badilisha kuwa AES na spidi itapanda bila kugusa laptopu.

Inayokatika baada ya laptopu kusinzia ni suala la kuokoa umeme. Kwenye "Properties" za kadi, kichupo cha "Power Management", ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi. Na kama mawimbi ni hafifu mpaka uwe chumba kimoja na rauta, shuku waya wa antena uliochomoka tangu fundi wa mwisho alipofungua.

## Kwa waliohamia Linux

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi zisizofikia vigezo vya Windows 11 zinapewa Linux. Kwa waifai ya zamani hilo ni jambo jema: kadi za Atheros na Intel huwaka zenyewe, hata Intel 3945 na 4965 ambazo sasa ni za kale. Amri ya kuanzia ni:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye "Network controller", usome namba kwenye mabano ya mraba, mfano [14e4:4315], kisha uone kama chini yake kuna "Kernel driver in use". Ukimya hapo maana yake draiva haijapatikana. Lakini draiva inaweza kuwapo na bado kadi ikakaa kimya kwa kukosa fimuwea, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi kila inapowashwa. Hiyo utaiona kwa sudo dmesg | grep -i firmware.

Broadcom ndiyo inayosumbua. 14e4:4315 ni BCM4312, ambayo Dell waliiuza kama Wireless 1397. Draiva yake ya b43 imo kwenye keneli, yaani kiini cha Linux, fimuwea haimo, na dmesg hulalamikia faili b43/ucode15.fw. Unganisha simu kwa waya, sakinisha firmware-b43-installer, washa upya. 14e4:4365, yaani BCM43142, haiwezwi na b43, inataka broadcom-sta-dkms. Usiziweke zote mbili kwa pamoja, zitagombania kadi. Na kama Secure Boot, ulinzi unaokagua saini, imewashwa, draiva hii ya pili hukataliwa kwa ujumbe "Key was rejected by service" mpaka usajili ufunguo wake wakati wa kuwasha, au uzime Secure Boot kwenye BIOS.

Watumiaji wa Debian wanaokumbuka kubeba fimuwea kwenye flashi ya pili wamepumzika tangu toleo la 12 la Juni 2023, ambalo linakuja nazo ndani ya kisakinishi.

Amri rfkill list ikionyesha "Hard blocked: yes", yaani waifai imezimwa kwa swichi, na swichi huioni popote, kwenye baadhi ya Lenovo na Acer anayesema uongo ni moduli ya keneli, ideapad_laptop au acer_wmi. Iondoe kwa sudo modprobe -r na jina lake, uone kama waifai inarudi. Na HP zenye Realtek RTL8723BE zinazoshika mawimbi zikiwa karibu tu zina tatizo linalojulikana: waya wa antena ni mmoja na draiva inasikiliza tundu la pili. Andika options rtl8723be ant_sel=1 kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, washa upya. Isipobadilika weka 2.

## Ikibidi kubadilisha kadi

Kadi iliyokufa, au isiyo na draiva ya Windows unayoitaka, ni ya kubadilisha. Kabla hujalipa, jua kwamba ThinkPad na HP nyingi za zamani hukataa kadi ngeni tangu kwenye BIOS. ThinkPad husimama na kosa 1802, HP husema 104 na kuganda. Kwa hizo nunua kadi yenye namba ya spea ya kampuni hiyohiyo kwa toleo lako.

Kwa zenye nafasi ya M.2, kaa mbali na Intel AX201 na 9560. Zinaingia kwenye tundu, lakini zinahitaji sehemu ya waifai iliyomo ndani ya chipseti za Intel za baadaye, na kwenye laptopu ya zamani hazionekani kabisa. AX200 inafanya kazi, ila haina draiva ya Windows 7.

Wengi huishia kwenye kidude cha USB, na ni uamuzi mzuri. Kile kidogo cha bei ya chini mara nyingi kina MT7601U, namba 148F:7601, au RTL8188EUS, namba 0BDA:8179. Vyote viwili ni vya 2.4 GHz tu hata boksi likijisifu namna gani. Kidude kipya kikitokea kama diski ya CD badala ya kadi ya mtandao, hakijaharibika. Kimebeba draiva yake ndani. Kwenye Windows fungua diski hiyo usakinishe. Kwenye Linux, ikiwa lsusb inaonyesha 0bda:1a2b, iondoe diski kwa sudo eject /dev/sr0, au sr1 kama laptopu ina CD yake, na kidude kitajibadilisha kuwa waifai chenyewe.